Zile Nukta Si Uchafu wa Nzi

Ramani ya darasa letu imegongomelewa ukutani, yaani kwenye mabati, kwa misumari mitano. Minne iko pembeni. Wa tano uliongezwa msimu wa upepo, ukaangukia katikati ya bahari, palepale ilipo Komoro. Juzi, somo likiendelea, mvulana mmoja wa Gredi ya Sita alisimama bila kuitwa, akaenda ukutani, akaanza kuikwangua ile ramani kwa ukucha.

“Unafanya nini?” nikamwuliza.

“Maalim, nzi wamechafua bahari.”

Darasa zima likaangua kicheko. Nikasogea kuangalia. Alikuwa akikwangua Shelisheli, na kisiwa kimoja alikuwa ameshakimaliza.

Simlaumu. Ramani yenyewe ilikuja zamani na msaada wa vitabu, na jua la hapa Ifo limeifubaza hadi Sahara na Kongo zimekuwa rangi moja. Nilimwambia akae. Nikaliambia darasa kwamba ile nukta ni nchi, ina rais, ina bendera, ina kiti katika Umoja wa Mataifa. Mvulana akaitazama tena nukta yake, akanitazama mimi, akauliza swali lililonikaa kichwani wiki nzima: “Nchi ndogo hivi, mbona haijamezwa?”

Mimi ni Mbajuni wa Koyama, kimoja kati ya vile visiwa vilivyojipanga kama shanga kusini mwa Kismayu. Baba yangu alikuwa mvuvi, na babu yangu, na baba yake. Vita vya Somalia vilipotufikia nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Kambi ya wakimbizi ya Ifo, hapa Kenya, ilifunguliwa mwaka 1991, na humu nimekaa zaidi ya nusu ya umri wangu, nikifundisha kwa ile posho tunayoiita motisha. Kwa hiyo swali la yule mtoto lilinigusa mahali. Mtu wa kisiwani aliyezeekea mchangani anajua udogo ni nini. Anajua pia kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kwamba udogo humtegemea anayepima.

Nikachukua chaki nikawapimia kwa vitu wanavyovijua. Shelisheli ina visiwa 115, na ukivikusanya vyote hufikishi kilomita za mraba 460. Kaunti yetu ya Garissa ungeikata vipande vya ukubwa huo ungepata karibu mia moja. Watu wake ni kama laki moja na ushei. Mwaka 2011, njaa ilipowasukuma watu wa Somalia kuvuka mpaka, kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley, Hagadera na zile zilizoongezwa, zilibeba karibu watu nusu milioni. Mwaka ule sisi tulikuwa Shelisheli tano. Wao wana kiti katika Umoja wa Mataifa, sisi tuna namba ya bloku.

Basi haikumezwaje? Jibu moja, wala si lote, ni kwamba haikukaa peke yake.

Watatu walioanza, wawili waliofuata

Desemba 1982 wajumbe wa Mauritius, Madagaska na Shelisheli walikutana Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, wakakubaliana kuwa na chombo chao cha pamoja. Tarehe 10 Januari 1984 mkataba wake ukatiwa saini mjini Victoria, Shelisheli. Mwaka 1986 Komoro ikaingia, na Ufaransa nayo ikaingia kwa ajili ya Réunion, kisiwa kilicho chini yake. Hiyo ndiyo Tume ya Bahari ya Hindi. Makao yake makuu yako Ebène, Mauritius, na uenyekiti huzunguka kwa zamu.

Nchi hizo, ukiitoa Ufaransa, zimo pia katika jumuiya kubwa zaidi, kama Umoja wa Afrika na soko la COMESA. Lakini katika mikutano ile mikubwa mazungumzo huelekea kwenye reli, mito na mipaka ya nchi kavu, na mwenye kisiwa hungoja zamu yake mwisho wa meza. Kwenye Tume hakuna wa bara. Wote wamezungukwa na maji, na hakuna anayehitaji kueleweshwa kwamba meli ikichelewa wiki mbili duka linakauka.

Wanafunzi wangu walidhani visiwa hivyo vinafanana. Havifanani hata kidogo. Madagaska, ambayo wazee wetu waliiita Bukini, ni kubwa kidogo kuliko Kenya, ina watu karibu milioni 30, na wengi wao ni maskini. Mauritius na Shelisheli zina watu wachache wenye kipato ambacho nchi nyingi za Afrika hukiota tu. Réunion hutumia yuro. Wakomoro ni ndugu zetu kwa dini na kwa usemi: Mngazija akizungumza pole pole, mimi Mbajuni nashika nusu ya maneno bila mkalimani. Kuwaketisha hao watano meza moja ni sawa na kumketisha mwenye lori, mwenye duka, mwenye punda na asiye na kitu, kisha uwaambie wachange.

Jambo lililowafanya wakae ni maji yenyewe. Desemba hiyo hiyo ya 1982 mataifa yalikusanyika Jamaika kutia saini mkataba mpya wa sheria za bahari. Mkataba ule unaipa nchi yenye pwani haki ya samaki na mali nyingine za baharini hadi maili za baharini 200 kutoka ufukweni, karibu kilomita 370. Kwa nchi yenye pwani moja ndefu hiyo ni neema. Kwa nchi iliyotawanyika visiwa vingi mbalimbali ni neema mara kumi, maana kila kisiwa kina duara lake. Shelisheli yetu ya kilomita za mraba 460 ikajikuta inamiliki bahari ya kilomita za mraba zaidi ya milioni 1.3. Hiyo ni Kenya mbili, na bado inabaki.

Ndipo lilipoanza tatizo jingine. Ukipewa shamba la ukubwa huo na una watu laki moja, nani atalilinda?

Kopo la eedo

Kwenye soko la Ifo kuna mama mmoja ambaye sisi sote tunamwita eedo, shangazi. Anauza sukari, unga, majani ya chai, baasto, yaani tambi, na makopo ya jodari. Wasomali wanapenda baasto kwa jodari, na hata mtu ambaye hajawahi kuiona bahari anajua kulifungua lile kopo kwa kisu bila kujikata. Wiki iliyopita nililichukua moja nikaligeuza. Kwa herufi ndogo pameandikwa kwamba limetengenezwa Mauritius.

“Eedo, unajua samaki huyu ametoka wapi?”

“Ametoka Garissa,” akasema, “kwa lori.”

Hakukosea, ila alianzia safari mwisho. Jodari ni msafiri. Hupita bahari ya Somalia, akashuka ya Kenya na Tanzania, akazunguka Shelisheli, Komoro na kaskazini mwa Madagaska, akifuata chakula na joto la maji. Mimi nikitaka kwenda Garissa mjini, mwendo wa kilomita kama mia moja, lazima niwe na pasi ya kusafiri iliyopigwa mhuri. Jodari hana pasi. Leo ni mali ya nchi hii, kesho ya ile. Nchi moja ikimhifadhi na jirani yake akimvua ovyo, aliyehifadhi amemlisha mwizi.

Ninajua wizi wa bahari unavyofanana. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, bahari yetu ilibaki bila askari. Baba alituhadithia kuhusu meli za kigeni zilizokuja usiku na taa nyingi hadi ungedhani mji umehamia majini. Asubuhi nyavu zake za mkono zilikuwa zimekatwa, na kwenye maji wakielea samaki wadogo waliotupwa kwa sababu hawakuwa na soko. Hakukuwa na ofisi ya kwenda kushtaki. Alikunja nyavu akakaa kivulini akizishona, na kesho yake zikakatwa tena.

Visiwa vile viliamua kutoishi hivyo. Mwaka 2007, chini ya Tume na kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ulianza mpango wa pamoja wa kulinda uvuvi. Namna unavyofanya kazi ni rahisi kuieleza. Meli moja ya doria hupakia wakaguzi wa nchi mbalimbali. Ikivuka kutoka maji ya Madagaska kuingia ya Komoro, haigeuki kurudi. Mkaguzi wa Komoro yumo ndani, naye ndiye mwenye mamlaka ya kupanda kwenye meli ya uvuvi, kukagua leseni, kupima nyavu na kufungua jokofu. Nchi isiyo na meli imepata meli, na nchi yenye meli imepata ruhusa. Baadaye Kenya, Tanzania na Msumbiji nazo zikashirikishwa, maana jodari hakuulizwa kama ni wa kisiwani au wa bara.

Upande wa hesabu za samaki kuna chombo kingine, Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Victoria na wanachama wengi zaidi, pamoja na mataifa ya mbali yanayokuja kuvua. Hapo ndipo panapobishaniwa nani avue tani ngapi. Mwaka 2015 wataalamu wake walionya kwamba jodari wa mapezi ya manjano amevuliwa kupita kiasi. Somalia ilijiunga na chombo hicho mwaka 2014. Niliposikia habari hiyo nilimkumbuka baba na sindano yake ya nyavu. Ofisi ya kushtaki ilikuwa imepatikana, ila yeye alikuwa ameshafariki.

Siwezi kupita hapa bila kutaja maharamia, maana jina letu ndilo lililobeba mzigo ule. Wengine walianza wakisema wanalinda samaki wao, lakini ndani ya muda mfupi ikawa biashara ya kuteka watu. Kuanzia mwaka 2009 mashua zao zilikuwa zinafika hadi maji ya Shelisheli, meli za uvuvi na za watalii zikaingiwa na hofu, na vijana wa Kisomali wakahukumiwa katika mahakama ya Victoria. Nchi yenye watu laki moja ilijikuta inapambana na janga lililotoka kwenye nchi ya mamilioni.

Tume ikajenga jicho na mkono. Jicho liko Antananarivo, Madagaska: kituo kinachokusanya alama ambazo meli hutuma zikiwa safarini, ili meli inayozima chombo chake au inayozunguka mahali pasipo na sababu ionekane. Mkono uko Shelisheli: kituo kinachopokea taarifa na kuamua ni meli au ndege ya nchi gani iliyo karibu itumwe. Mikataba ya mfumo huo ilitiwa saini mwaka 2018. Haramia, muuza dawa za kulevya na mvuvi mwizi wote hupita bahari ile ile, hivyo jicho moja linawatosha.

Mbu na mbuzi

Hapa wanafunzi wangu huanza kuchoka. Bahari iko mbali, wanasema, inatuhusu nini? Huwauliza kuhusu mafuriko.

Novemba 2006 ilinyesha mvua ambayo watu wa Ifo bado huihesabia miaka. Laga, ile mito ya msimu, zilijaa, nyumba za udongo zikayeyuka kama sukari, na tukabeba watoto mabegani kutafuta mahali palipoinuka. Mvua ile ilitoka baharini. Maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wetu huu, yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mawingu hubebwa hadi kwetu, na nchi kame hupokea kwa wiki chache maji ya mwaka mzima.

Maji yakatuama, mbu wakazaana, na Desemba ya mwaka huo homa ya Bonde la Ufa ikatangazwa Garissa. Mbuzi na kondoo wakatupa mimba, kisha wafugaji wakaanza kuugua. Mlipuko ule uliua watu zaidi ya 150 nchini Kenya. Soko la mifugo likafungwa, kuchinja kukapigwa marufuku, na mfugaji mwenye wanyama mia akalala njaa.

Habari hiyo ya Garissa tunaijua. Iliyobaki niliijua baadaye. Mwaka 2007 homa ile ile ilionekana Komoro. Wataalamu walipopima virusi vilivyopatikana kisiwa jirani cha Maore wakakuta ni ndugu wa damu wa vile vya Kenya. Mwaka 2008 ikawa Madagaska. Mifugo husafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Afrika kwenda visiwani, na mbuzi mgonjwa hushuka na ugonjwa wake popote anaposhushwa.

Njia hiyo ilikuwa imeshapitwa na ugonjwa mwingine. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu, na ilikadiriwa kwamba robo tatu ya watu wa mji ule waliambukizwa. Jina lenyewe ni letu, la Afrika Mashariki: linatokana na lugha ya Wamakonde, ambao kwao ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952, na maana yake ni kile kinachompinda mtu. Kutoka pwani ya Kenya ukavuka hadi Komoro, kisha Mauritius, Shelisheli na Réunion. Huko Réunion, kati ya 2005 na 2006, waliugua watu zaidi ya robo milioni, mtu mmoja katika kila watatu. Madaktari wa Ulaya waliona kisiwa cha yuro kikipindishwa na mbu, na mwaka 2016 ugonjwa huo huo ukaja kuwapinda watu wa Mandera.

Kutokana na kipigo hicho, mwaka 2009 Tume ilianzisha mtandao wa kufuatilia magonjwa uitwao SEGA. Unawaunganisha madaktari na wataalamu wa mifugo wa visiwa vyote vitano. Daktari wa Moroni, Komoro, akiona homa asiyoielewa, hangoji taarifa ipande hadi wizarani, ivuke hadi wizara ya jirani, ishuke tena. Wenzake wanajua siku ile ile, na maabara yenye vifaa hupima kwa niaba ya isiyo navyo. Wanaangalia binadamu na wanyama pamoja, jambo ambalo mfugaji yeyote wa Garissa angewaambia bila kusoma chuo: ukiona mbuzi wanatupa mimba, usingoje mtu afe.

Ugomvi unaoachwa nje

Sasa nitawaharibia picha. Msidhani hawa watano wanapendana.

Anza na Maore. Komoro ilipopiga kura ya uhuru mwaka 1974, visiwa vya Ngazija, Nzuwani na Mwali vilisema ndiyo. Maore ikasema hapana. Komoro ikajitangazia uhuru mwaka 1975, Ufaransa ikabaki na Maore, na mwaka 2011 ikaifanya mkoa wake kamili. Kwa Komoro ile ni sehemu ya mwili wake. Watu hufa katika mlango wa bahari ulio kati ya Nzuwani na Maore wakijaribu kuvuka kwa mashua ndogo kwenda kwa jamaa zao wenyewe. Na nchi hizi mbili, Komoro na Ufaransa, zimo katika Tume moja tangu mwaka 1986.

Kuna Tromelin, kisiwa cha mchanga cha takriban kilomita moja ya mraba, ambacho Mauritius na Ufaransa zote hudai ni chao. Mwaka 2010 zilitia saini makubaliano ya kukisimamia pamoja, lakini bunge la Ufaransa halijayaidhinisha. Madagaska nayo inadai visiwa vidogo vinavyoizunguka, ambavyo Ufaransa haijaviachia.

Visiwa vya Chagos ugomvi wake ni na Uingereza, ambayo haimo kwenye Tume, lakini Mauritius huja nao kila mahali. Uingereza ilivitenga na Mauritius mwaka 1965, kisha kati ya 1968 na 1973 ikawaondoa wakazi wote ili Marekani ipate kambi ya kijeshi Diego Garcia. Walishushwa Mauritius na Shelisheli na mizigo waliyoweza kubeba. Nikifika hapo darasani huwa sina haja ya kueleza sana. Watoto wa Ifo wanaelewa kushushwa mahali. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kutengwa kule hakukuwa halali, na Mei 2025 Uingereza na Mauritius zikatia saini mkataba wa kurudisha visiwa, Diego Garcia ikiendelea kuwa kambi kwa miaka 99.

Mara nyingine ugomvi huingia hadi uwanjani. Visiwa hivi vina michezo yao tangu mwaka 1979. Mwaka 2015 ilipofanyika Réunion, wanariadha wa Maore waliandamana nyuma ya bendera ya Ufaransa, na Komoro ikafungasha ikarudi nyumbani. Aprili 2025 viongozi walikutana Antananarivo, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa akataka Maore ishirikishwe katika kazi za Tume. Komoro ikakataa.

Hata hivyo Komoro haikujitoa kwenye Tume. Daktari wake bado hupokea taarifa za homa, na mkaguzi wake bado hupanda meli ya doria pamoja na Mfaransa.

Mwanzoni hili lilinishangaza, hadi nilipoliangalia bomba la bloku yetu. Maji hufunguliwa kwa saa maalumu, na mitungi hupangwa foleni tangu alfajiri. Kuna mabwana wawili, majirani, ambao hawajasalimiana miaka minne kwa sababu ya mbuzi aliyekufa na fidia ambayo haikulipwa. Mtungi wa mmoja husimama nyuma ya mtungi wa mwenzake kila siku ya Mungu. Wote wawili wamo katika kamati ya maji. Siku moja nilimwuliza mmoja wao anawezaje. “Mbuzi ni mbuzi, maji ni maji,” akaniambia, akaniacha nimesimama.

Wakubwa zetu nao wanajifunza hivyo hivyo. Kenya na Somalia ziligombania kipande cha bahari, kusini ya pale baba alipokuwa akivua, hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa hukumu Oktoba 2021. Kenya ilisema haiitambui. Machi 2024 Somalia ikakamilisha kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kenya ikiwa mwanachama mwenzake.

Mfuko wa nani?

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Tume ina udhaifu wake, na wa kwanza ni mfuko. Kazi zake nyingi hulipwa na Umoja wa Ulaya, Ufaransa na wafadhili wengine. Sisi tulioishi kwa kadi ya mgao tunajua maana yake: anayejaza ghala ndiye anayepanga siku ya kugawa. Tena Ufaransa ni mwanachama na ni mfadhili, yaani amekaa mezani na amekalia pochi. Meli za Ulaya nazo ni miongoni mwa zinazovua jodari ambaye doria zilizoanzishwa kwa fedha za Ulaya zinamlinda. Mtu mwenye akili ataona ushirikiano hapo, ataona na biashara.

Udhaifu wa pili ni kwamba visiwa hivi huuziana kidogo sana. Kila kimoja huangalia Ulaya na Asia kabla ya kumwangalia jirani. Na wa tatu, mvuvi mdogo wa Madagaska mwenye ngalawa hajui kama Tume ipo. Ukimwonyesha nembo yake atakuuliza inauzwa bei gani.

Lakini upande wa pili nao upo. Uchina, India, Japani na Umoja wa Ulaya zimeomba viti vya watazamaji kwenye Tume hiyo, na zimepewa. Mataifa yenye watu zaidi ya bilioni moja hukaa nyuma ya chumba yakisikiliza Shelisheli ikizungumza. Kila mmoja peke yake asingewaita wakaja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hata vidole vitano vyenye urefu tofauti, vilivyowahi kuumana, vikikutana vinavunja.

Yule mvulana tena

Nilipomaliza kueleza yote haya, kwa siku tatu na chaki mbili, nilidhani nimejibu. Yule mkwanguaji wa visiwa akainua mkono, safari hii aliomba ruhusa.

“Maalim, wakigombana sana, nani anafunga bomba?”

Kwetu hilo si swali la mzaha. Vurugu ikianza kwenye foleni, kijana wa maji huchukua spana akafunga koki, na kila mtu, mwenye haki na asiye na haki, hurudi na mtungi mtupu. Ndiyo maana watu hunyamaza haraka.

Nilifikiri kidogo. Nikaangalia ile ramani, msumari wa tano, ile nukta moja aliyoimaliza kwa ukucha.

“Hakuna wa kulifunga,” nikamwambia. “Bahari haina koki. Samaki watapita, mbu watapita, mvua itakuja, wakisalimiana wasisalimiane.”

Akalitafakari. “Basi lazima wakae,” akasema.

Akaketi, akaupangusa ule ukucha wake kwenye suruali.